Uvimbe kwenye ubongo: nunua jibu kabla ya kununua tiba

Pesa za kwanza zinazopotea katika ugonjwa huu ni ndogo ndogo. Vidonge vya maumivu leo, vingine keshokutwa, dozi ya malaria kwa mtu anayeishi kwenye baridi ya Mweiga, Nyeri, na hajawahi kupimwa malaria, miwani mipya, sindano ya "mishipa". Miezi mitatu baadaye mgonjwa bado anatapika kila asubuhi, na shilingi ambazo zingelipia picha ya kichwa zimebaki kwenye kaunta ya kemisti.

Makala haya ni ya mtu aliye na mgonjwa nyumbani, mwenye pesa kidogo, na ambaye lazima aamue wiki hii. Msimamo wangu ni mmoja: lipia jibu kwanza. Jibu lenyewe ni vitu viwili: picha nzuri ya ubongo na, kama kuna uvimbe, ripoti ya maabara inayotaja jina lake. Kabla ya kuvipata hivyo viwili usiuze ng'ombe wa maziwa, usipeleke hati ya shamba benki, na usiitishe mchango wa matibabu ya India.

Kichwa kuuma peke yake mara nyingi si uvimbe. Presha, macho, kipandauso, mawazo na kukosa usingizi huumiza vichwa vingi zaidi. Kama maumivu ni yale yale ya miaka mingi, yanakuja na kuondoka bila kubadilika, shika pesa yako na umwone daktari wa kawaida.

Dalili zinazostahili nauli ya Nyeri ni nyingine. Maumivu mapya yanayozidi wiki hadi wiki, makali zaidi alfajiri au yanayomwamsha mtu usingizini, pamoja na kutapika ambako hakuhusiani na tumbo. Kifafa cha mara ya kwanza kwa mtu mzima. Mkono na mguu wa upande mmoja vinavyolegea taratibu. Maneno yanayopotea mdomoni. Macho yasiyoona pembeni, mtu anagonga fremu ya mlango. Sikio moja linaloziba na kuvuma bila kupona.

Ipo dalili nyingine ambayo familia huchelewa kuiona kuwa ugonjwa: tabia kubadilika. Guka aliyekuwa mpole anaanza kutukana watu, shosho anasahau sufuria motoni mara tatu kwa wiki, kijana mwenye bidii anakaa tu. Watu husema ni uzee, ni pombe, ni kurogwa. Huenda isiwe lolote kati ya hayo. Kwa mtoto, angalia kutapika asubuhi, kutembea kama mlevi, kichwa kuinamia upande mmoja na, kwa mchanga, kichwa kinachokua kupita kiasi.

Kama udhaifu umekuja ghafla ndani ya dakika chache, huo huenda ni kiharusi. Hapo hakuna cha kulinganisha bei. Tafuta gari uende hospitali sasa hivi.

Anza na vipimo visivyokutoa pesa. Aliyejisajili na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hapaswi kutozwa matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya. Nenda kituoni uombe presha, sukari na kipimo cha virusi vya UKIMWI. Omba pia akaguliwe mishipa ya fahamu: atembee mstari ulionyooka, aguse pua kwa kidole, akaze mikono yote miwili.

Kisha ulizia kipimo ambacho wengi hawakijui: kuangaliwa nyuma ya jicho. Kichwa kikiwa na shinikizo, mshipa wa jicho huvimba, na mhudumu wa macho aliyefunzwa anaweza kuuona kwa dakika chache kwa kutumia tochi yake maalumu. Hakioni uvimbe wenyewe, na jicho likiwa sawa bado uvimbe unaweza kuwepo. Lakini jicho likionekana limevimba ndani, barua ya rufaa itaandikwa kwa haraka zaidi, na hutakuwa na sababu ya kujiuliza kama picha inafaa kulipiwa.

Usiondoke bila hiyo barua. Ukijipeleka mwenyewe kwenye kliniki ya picha, tarajia kulipa kila kitu mfukoni. Picha iliyoagizwa na hospitali yenye mkataba ndiyo SHA inayoweza kuilipia, na mara nyingi hospitali lazima iombe idhini kwanza. Idhini huchukua muda, kwa hiyo iombwe siku ile ile.

Sasa SHA yenyewe, kwa sababu hapa ndipo familia za wakulima hunaswa. Kujisajili kwa *147# ni bure na hakutoshi. Usajili peke yake unakufikisha kwenye kituo cha afya. Picha kubwa, kulazwa na upasuaji vinahitaji uwe umelipa mchango. Asiye na ajira ya mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali kisha hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa nyumba iliyo na dalili nilizozitaja, hiyo ndiyo pesa yenye thamani kuliko zote katika makala haya. Lipa hata kama itakubidi ukope kwenye chama. Ukiona umepangiwa kiwango kisicholingana na maisha yako, omba kipitiwe upya, lakini usisubiri majibu huku mgonjwa anadhoofika.

Hakikisha pia kila mtu wa nyumba ameandikwa kama tegemezi na alama zake za vidole zinasoma. Siku ya kulazwa si siku ya kugundua kwamba mama hakuwekwa kwenye akaunti ya baba.

Tufike kwenye picha, mahali ambapo uamuzi mmoja mbaya hukulipisha mara mbili.

CT ni ya haraka na rahisi kupata. Serikali imesambaza mashine nyingi katika hospitali za kaunti. Kwa kichwa, bei huanzia elfu kadhaa kwenye hospitali ya umma na kupita elfu kumi kwenye nyingi za binafsi. Inaonyesha damu, maji yaliyojaa kichwani na uvimbe mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba uvimbe mdogo unaweza kuikwepa, hasa ule wa sehemu ya nyuma ya ubongo na chini ya fuvu, ambako mifupa minene huharibu picha.

MRI huanzia elfu kumi na kitu na kwenye hospitali kubwa za binafsi hufika thelathini na zaidi. Haitumii mionzi, huchukua nusu saa au zaidi, na ndiyo daktari wa upasuaji atakayoitaka kabla ya kugusa kisu.

Kwa hiyo usilinganishe bei za picha moja moja. Linganisha jumla ya njia nzima. Mgonjwa anayetapika, anayechanganyikiwa au anayesinzia mno apigwe CT leo, popote iliyo karibu, kwa sababu maji kichwani huua haraka na CT inatosha kuyaona. Mgonjwa aliye imara, aliyepata kifafa mara moja au anayelegea taratibu, na ambaye pesa yake inatosha picha moja tu, ajipange moja kwa moja kwa MRI yenye dawa ya kung'arisha. Akianza na CT ya bei nafuu bila hiyo dawa, ataambiwa "hakuna kitu kikubwa" au "rudi na MRI", na majibu yote mawili yanamrudisha mfukoni.

Hiyo dawa ya kung'arisha ndiyo gharama ya kwanza iliyofichwa. Bei unayosomewa kwenye simu mara nyingi haina dawa hiyo. Haina pia kipimo cha damu cha figo kinachotakiwa kabla ya kuchomwa, wala dawa ya usingizi kwa mtoto asiyeweza kutulia. Uliza swali moja tu: "Jumla ni ngapi pamoja na dawa, damu na ripoti ya daktari, na ripoti inatoka siku gani?" Ripoti inayochukua wiki moja ina nauli zake.

Uliza pia nguvu ya mashine. Nguvu ya MRI hupimwa kwa tesla. Ya 1.5 inatosha kazi hii. Zipo za nguvu ndogo, chini ya 0.5, zenye bei ya kuvutia na picha hafifu, na daktari wa upasuaji anaweza kuzikataa. Ukimaliza, dai picha kwenye CD. Filamu kubwa nyeusi inapendeza kuibeba kwenye matatu, lakini daktari hawezi kuikuza wala kuipitia kipande kwa kipande. Wagonjwa hurudishwa kupiga picha upya kwa sababu hiyo tu.

Kwa anayetoka Mweiga, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri. Karibu nayo kuna ya misheni, Consolata Mathari, na ya binafsi, Outspan. Upande wa Karatina kuna PCEA Tumutumu. Piga simu kabla ya kupanda gari na uulize mambo mawili: kama mashine inafanya kazi leo, na siku gani daktari wa ubongo na mishipa yupo. Mashine iliyoharibika ni gharama ya nauli ya watu wawili na siku nzima ya kuacha viazi na vitunguu shambani.

Picha ikionyesha kitu, usilie bado, na usikubali neno "saratani" kutoka kwa mtu aliyeona picha pekee. Huku kwetu kifua kikuu kinaweza kuota donge ndani ya ubongo. Mayai ya tegu wa nguruwe huweza kuacha vifuko vinavyoleta kifafa. Kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajatibiwa kuna maambukizi yanayofanana kabisa na uvimbe. Yote hayo yana dawa, na dawa hizo ni nafuu mno ukilinganisha na upasuaji. Ndiyo maana kile kipimo cha virusi cha kituo cha afya kina uzito. Na kwa watu wazima, uvimbe wa ubongoni mara nyingi ni mbegu iliyotoka kwenye saratani ya matiti au mapafu, kwa hiyo daktari atakagua kwingine pia.

Aina za uvimbe unaoanzia kichwani zinatofautiana mno, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua pesa ziende wapi.

Meninjioma huota kwenye utando unaofunika ubongo. Nyingi si saratani na hukua polepole. Ndogo isiyo na dalili inaweza kuachwa na kuangaliwa kwa MRI kila mwaka. Huo ni uamuzi wa kitabibu kamili, na ndio wa bei ya chini kuliko yote. Kubwa inayobana ikitolewa yote, mtu anaweza kuishi maisha yake. Kama kuna uvimbe wa kuuzia ng'ombe, ni huu. Mama aliyetumia sindano ya Depo kwa muda mrefu amwambie daktari: utafiti wa Ufaransa uliochapishwa Machi 2024 ulikuta hatari ya meninjioma inayohitaji upasuaji iko juu mara 5 na zaidi kwa waliotumia sindano hiyo zaidi ya mwaka. Bado ni ugonjwa wa nadra, kwa hiyo sisemi mtu aache uzazi wa mpango. Nasema aulize njia nyingine.

Kuna uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo, nyuma ya macho. Mwanamke asiyenyonyesha anatoka maziwa, hedhi imekatika, macho hayaoni pembeni. Kabla ya kukubali upasuaji wowote wa tezi hiyo, lipia kipimo cha damu cha homoni ya prolaktini. Ikiwa juu sana, uvimbe huo mara nyingi husinyaa kwa vidonge vya kabegolini au bromokriptini, bila kisu kabisa. Bromokriptini huchosha tumbo zaidi, lakini ni ya bei ya chini. Hakuna mahali pengine katika ugonjwa huu ambapo kipimo kimoja cha damu kinaweza kuokoa mamia ya maelfu.

Upande mwingine kuna glioblastoma, saratani kali kuliko zote za ubongo kwa mtu mzima. Hapa nasema wazi kwa sababu familia inastahili kujua inachonunua. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2005, nusu ya waliofanyiwa upasuaji na mionzi pekee walikuwa wamefariki kufikia miezi 12 hivi. Walioongezewa vidonge vya temozolomaidi walifika miezi 14 na nusu hivi. Waliokuwa hai baada ya miaka 2 walitoka 10 katika kila 100 hadi 26. Matibabu hununua muda, na wachache hupata muda mrefu. Muda huo ni wa thamani kubwa. Lakini shamba la watoto lisiuzwe kwa ahadi ya kupona.

Jina la uvimbe hutolewa na maabara, kwa kipande kilichotolewa kichwani. Ada ya maabara mara nyingi haimo kwenye bili ya upasuaji, na vipimo vya ziada vya rangi maalumu hulipwa tena. Usikubali upasuaji wa gharama kubwa kisha ukakosa elfu chache za kupeleka kipande maabara. Bila hiyo ripoti, anayetoa mionzi hana pa kuanzia.

Upasuaji ufanyiwe wapi? Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina madaktari wanaofanya kazi hii kila wiki na bei za umma. Unacholipa huko ni foleni. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kazi 2019, iko upande wa Kahawa West, kwa hiyo anayeshuka na barabara ya Thika kutoka Nyeri hafiki katikati ya jiji. Hupokea wenye barua za rufaa. Kwa mtoto, ningeuliza AIC Kijabe kabla ya kwingine. Ni hospitali ya misheni iliyojijengea jina kwa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto, hasa wale wenye maji kichwani.

Hospitali kubwa za binafsi za Nairobi zina kasi. Kasi hiyo ina thamani kama mgonjwa anadhoofika kila siku na foleni ya umma ni ya miezi. Lakini huanza na malipo ya kutanguliza, na hayo ni kiingilio tu. Dai makadirio kwa maandishi yanayotaja daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji, siku za ICU, picha ya baada ya upasuaji na maabara. Ada ya daktari mara nyingi huja kwenye karatasi nyingine kabisa.

ICU ndiyo inayovunja watu. Viwango vya SHA vilivyotangazwa ni 28,000 kwa siku kwa kitanda cha ICU, wakati kitanda cha kawaida ni 3,920 kwenye hospitali ya ngazi ya tano na 4,480 kwenye ya sita. Siku kumi za ICU ni 280,000, na hospitali ya binafsi inaweza kutoza zaidi ya kiwango hicho. Tofauti yote ni yako. Uliza kabla ya kutia sahihi: "Mkizidisha kiwango cha SHA, ni kiasi gani nitadaiwa kwa siku?"

Kikomo cha SHA nacho ni cha nyumba nzima. Mpango ulipoanza, saratani ilipewa 400,000 kwa kaya kwa mwaka na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo ulizia kilichosalia kabla ya kila hatua, na uulize kama uvimbe usio wa saratani utahesabiwa kwenye kifurushi hicho au kwenye cha upasuaji.

Damu haiuzwi, ila utaombwa uchangishe watu wa kuitoa. Panga ndugu mapema. Kuwasafirisha vijana Nairobi siku ya mwisho ni gharama. Na jambo moja lisilo na bei: mapema mwaka 2018, hospitali kubwa ya taifa ilifungua fuvu la mgonjwa ambaye siye, kwa sababu watu wawili walichanganywa. Kagua lebo ya mkononi mwa mgonjwa wako, jina na namba, asubuhi ya upasuaji. Muulize daktari aonyeshe upande gani. Hakuna atakayekulaumu.

Bili ikikushinda, mtafute afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kulazwa. Hospitali za umma zina utaratibu wa kusamehe sehemu ya bili, na anayeanza kuomba siku ya kutoka hukuta kitanda kinaendelea kuhesabiwa.

Mionzi ndiyo safari ndefu. Dozi ya kawaida ya glioblastoma ni vikao 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kwa kiwango cha SHA cha 3,600 kwa kikao, hiyo ni 108,000, na SHA huweza kuilipia. Kinachowashinda watu ni wiki sita za kulala mjini, chakula cha wawili, na msaidizi aliyeacha kazi. Weka hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu kuacha katikati ni kutupa vyote.

Watu wa Mweiga hufikiria Nairobi tu, na hapa nataka ufungue ramani. Mji wetu uko kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, na kutoka Nyahururu unashuka Nakuru. Nakuru ni mojawapo ya miji ambayo serikali iliweka kituo cha mionzi, pamoja na Mombasa na Garissa. Umbali haupishani sana na wa Nairobi, na chumba cha kupanga Nakuru kwa kawaida ni nafuu kuliko cha Nairobi. Kama una ndugu Nyahururu au Nakuru, hesabu inabadilika kabisa. Piga simu uulize kama wanapokea kesi za ubongo na foleni ni ya wiki ngapi.

Kwa mgonjwa mzee au aliyedhoofika sana, uliza kuhusu vikao 15 vya wiki tatu. Utafiti wa Kanada wa 2004 kwa watu wa miaka 60 kwenda juu wenye glioblastoma ulikuta muda wa kuishi haukutofautiana na wa vikao 30. Nusu ya safari, nusu ya kodi ya chumba. Madaktari wanaijua njia hii. Familia ndizo hazijui kuiulizia.

Temozolomaidi ni vidonge vya kemo, humezwa nyumbani. Humezwa kila siku wakati wa mionzi, kisha siku 5 kila mwezi, kwa kawaida miezi 6. Usiulize bei ya pakiti moja. Uliza bei ya dozi yote kwa uzito na kimo cha mgonjwa, pamoja na vipimo vya damu vya kila mwezi. Vidonge vya kampuni iliyoanza kuiuza ni ghali. Vya kampuni nyingine vyenye dawa ile ile vilivyosajiliwa nchini hufanya kazi hiyo hiyo. Vinunuliwe kwenye famasia ya hospitali au iliyosajiliwa, kamwe si kwa mtu anayevileta na begi.

Na India? Mwaka 2015, Wakenya walichangia matibabu ya Emmanuel Otieno, maarufu kama Jadudi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Lengo lilikuwa milioni moja, na zilizokuja zilizidi milioni tano katika siku chache. Ule ulikuwa moyo wa nchi, nami naukumbuka kwa heshima. Lakini kwa kila mchango uliofurika ipo mingi iliyokwama kwenye elfu themanini, na mtu anayepanga kwa kutarajia mafuriko hupoteza wiki ambazo uvimbe hautampa.

Uvimbe mwingi unaoweza kutolewa India unaweza kutolewa Nairobi. Ukisafiri, hesabu viza na tikiti za watu wawili, kodi ya chumba, na swali la nani atakufuatilia ukirudi. SHA huchangia matibabu ya nje hadi 500,000, kwa huduma zisizopatikana nchini tu na kwa idhini ya mapema. Kabla ya hapo, tuma ile CD kwa daktari wa pili Nairobi apitie. Ada ya maoni ya pili ni ndogo kuliko tikiti moja.

Atatokea pia mtu wa mitishamba. Wengi tunakumbuka 2011, Wakenya walivyomiminika Loliondo, Tanzania, kwa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Magari ya kukodi, foleni za siku nyingi na dawa zilizoachwa ndivyo vilivyogharimu. Ukitaka kunywa mitishamba, mwambie daktari, na usiache dawa ya kifafa.

Dawa mbili za kila siku zisikose nyumbani. Deksamethasoni hupunguza uvimbe wa majimaji kuzunguka donge, na mgonjwa aliyelala anaweza kukaa na kula ndani ya siku mbili. Ni ya bei ndogo sana, lakini hupandisha sukari, huumiza tumbo isipotanguliwa na chakula, na ikikatwa ghafla inaweza kumwangusha mtu. Hupunguzwa kidogo kidogo. Kwa kifafa, fenobabitoni ni ya bei ya chini na husinziza; levetirasetamu ni ghali zaidi na haigombani na dawa nyingine. Anayepata kemo aulizie hiyo ya pili. Nunua za mwezi mzima, si za siku tatu tatu.

Kama ripoti inasema uvimbe hauondoki, nenda Nyeri Hospice mapema, wakati mgonjwa bado anatembea. Wanashughulikia maumivu, kutapika, vidonda vya kulala na maswali ya familia, na wanajua kutumia mofini ya maji, ambayo ni miongoni mwa dawa za maumivu makali zenye bei ya chini kabisa. Wengi hufika huko wiki ya mwisho, baada ya pesa yote kwenda kwenye nauli za Nairobi. Chukua ripoti ya maabara, CD ya picha, orodha ya dawa na kitambulisho, mwende mgonjwa na mtu atakayemhudumia, na uulize wanaweza kumfuatilia vipi akiwa nyumbani Mweiga.